Namba Mpya, Gari Kuukuu

Muulize mtu wa Kakamega gari lake lina umri gani, na mara nyingi hatakutajia mwaka. Atakutajia herufi. "Hii ni KCD, bado iko na maisha." Au, kwa unyenyekevu kidogo: "Ni KBC tu, lakini inanifikisha." Wanaosikiliza hupiga hesabu kimoyomoyo, kila mmoja akaweka bei yake, na mazungumzo yakaendelea bila mtu yeyote kufungua boneti.

Hesabu hiyo haikutoka hewani. Mtindo wa namba za usajili zinazoanzia KAA uliingia Kenya mwaka 1989, na tangu hapo herufi zimekuwa zikipanda ngazi. Za KB zilikuja katika nusu ya pili ya muongo wa 2000, za KC zikashika njia karibu mwaka 2014, za KD zikaanza 2020. Aliyezizoea huweza kukadiria mwaka ambao gari liliingia barabarani kwa kulitazama kisogoni tu. Ila anachokadiria ni mwaka wa kusajiliwa Kenya, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hupigwa chenga.

Gari la mtumba halifiki Mombasa likiwa changa. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000, kinachosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hakiruhusu gari lililopitisha miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza huko lilikotoka. Waagizaji hupenda kulisogeza hadi karibu na ukingo wa mpaka huo, kwa kuwa kadiri linavyozeeka ndivyo bei yake Japani inavyoshuka. Basi chukua magari mawili ya aina moja yaliyotoka kiwandani mwaka 2010. Moja liliuzwa jipya Nairobi mwaka huohuo, likapewa namba ya KB. La pili lilikaa Japani miaka 7, likashuka Mombasa 2017, likavaa KC. Vyuma vyao ni vya rika moja, lakini sokoni moja litaitwa la zamani na jingine litaitwa la juzi, na pengo la bei kati yao litakuwa pana.

Kuna chembe ya haki katika pengo hilo. Gari lililotumika Japani miaka yake ya kwanza lilipita kwenye lami laini na ukaguzi mkali. Huko gari la abiria hukaguliwa na serikali linapotimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama ya ukaguzi huo ni sababu mojawapo inayowafanya wenye magari kuyauza mapema. Chembe hiyo ya haki, hata hivyo, humalizwa na miaka michache ya murram ya Shinyalu au Malava. Gari lenye herufi za KC ambalo limekwisha kaa Kenya karibu muongo mzima halina tena la kujivunia mbele ya mwenzake wa KB aliyetunzwa vizuri.

Mwaka halisi wa kutengenezwa umeandikwa kwenye logbuku. Asiyetaka kutegemea karatasi peke yake avute mkanda wa kiti mpaka mwisho na kutazama kitambulisho kilichoshonwa chini yake: magari mengi ya Japani huwa na tarehe pale. Tairi nazo husema. Ubavuni mwake mna tarakimu 4, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari ambalo mwuzaji anasema lilitembezwa kidogo tu na mwalimu wa kike, tena Jumapili, halafu likawa na tairi nne za miaka minne tofauti, lina hadithi nyingine ambayo bado haijasimuliwa.

Hadithi hizo za mwalimu wa kike ni nyingi. Madalali wa magari wana msamiati wao, na kwa muda mrefu wamejua kwamba mnunuzi hutulia akisikia gari lilikuwa la mwanamke, la daktari, la mtu mmoja tu tangu liingie nchini. Husema "nunua uendeshe", maana yake hakuna cha kutengeneza. Mji wenyewe unasaidia biashara hiyo. Kakamega iko kwenye barabara ya A1 inayopanda kutoka Kisumu kwenda Webuye na Kitale, zaidi ya kilomita 800 kutoka bandari ya Mombasa, na gari kuukuu linalofika hapa huwa limepita mikono mingi. Pengine liko kwenye kituo cha petroli, pengine mahali pa kuoshea magari, na kati ya mnunuzi na mwenye gari wamesimama watu watatu, kila mmoja akiwa ameongeza cha juu chake. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi mwerevu huwa fupi: "Mwenye gari yuko wapi?"

Swali la pili linahusu bei, na bei ya gari kuukuu Magharibi mwa Kenya ina kanuni yake. Uzuri hauhesabiwi sana. Nguvu ya injini haihesabiwi sana. Kinachopimwa, hata kama wauzaji hawakitaji kwa jina, ni urahisi wa kulitengeneza hapahapa na urahisi wa kuliuza tena siku ada ya shule itakapobana.

Ushahidi ni Probox. Toyota ilizindua gari hili Japani Julai 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Lilikusudiwa kampuni: mawakala wa mauzo, mafundi wa simu, wapeleka vifurushi. Mgongo wake ni mnyoofu kama sanduku, dashibodi yake ni ya plastiki ngumu, na kiwandani liliandikiwa mzigo usiozidi kilo 400. Hakuna aliyewahi kulitamani kwa sura. Lakini chini ya boneti ya nyingi za Probox za zamani mna injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, inayotumia mnyororo ndani badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda, na injini hiyohiyo, au ndugu zake wa karibu, imo ndani ya Vitz, Fielder, Raum, Ist na Premio za lita 1.5. Fundi wa jua kali aliyejifunzia kazi kwenye Vitz ya jirani anaweza kuifungua Probox akiwa anapiga soga. Plagi, pampu ya maji, sensa, hata injini nzima ya mtumba, vyote vinapatikana, na kisichopatikana mjini kitakuja na basi la usiku kutoka Nairobi. Ndiyo maana Probox yenye mikwaruzo pande zote bado inaulizwa bei kubwa, na mwenye nayo hana haraka.

Sasa tazama upande wa pili. Gari kubwa la saluni la Ulaya, lenye viti vya ngozi na paa linalofunguka, linaweza kuuzwa Kakamega kwa bei ya Probox hiyo, na wakati mwingine chini yake. Mnunuzi mgeni hudhani ameokota dodo chini ya mwarobaini. Gari hilo limeshuka kwa sababu giaboksi yake ikigoma hakuna wa kuigusa karibu kuliko Nairobi, na kifaa kimoja cha umeme chaweza kula mshahara wa mwezi. Soko limekwisha zipigia hesabu gharama hizo na kuziondoa kwenye bei. Urahisi anaouona mnunuzi ni deni aliloachiwa.

Hata ndani ya Toyota kuna ubaguzi. Neno "D4" likitajwa, nusu ya wanunuzi huondoka. Ni jina la teknolojia ya kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, iliyotumika kwenye baadhi ya Premio, Allion, RAV4 na Noah za lita 2 za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Pampu yake ya shinikizo kubwa haipendi mafuta machafu, na mafundi wengi waliifungua kwa kukisia kabla hawajapata vifaa vya kuisoma. Zipo D4 zilizotunzwa ambazo zinakwenda bila shida. Lakini anayeuza ataandika "si D4" kwenye tangazo kwa herufi kubwa kuliko jina la gari lenyewe, na anayenunua D4 bora ajue kwamba siku ya kuuza naye atapambana na jina hilo.

Wazee wa Kakamega hawashangazwi na haya. Wao waliyaona kwa Pijo. Kabla soko la magari ya mtumba halijafunguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, gari la safari ndefu kutoka Nairobi hadi Magharibi lilikuwa Peugeot, hasa 504 ya mkia mrefu, lenye safu tatu za viti na keria juu. Sifa yake ilijengwa kwenye vumbi. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, na mbili kati ya hizo zilikuwa za Bert Shankland kutoka Tanzania. 504 ikafuata na kushinda 1975 na 1978. Kwa kuwa 504 iliunganishwa hapa Kenya, na kazi hiyo ikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, spea zilikuwa kila duka na kila kijiji kilikuwa na fundi wake wa Pijo. Mafundi hao walipozeeka na spea zikaadimika, bei ikaporomoka, ingawa chuma kilikuwa kilekile. Leo 504 iliyobaki nzima, yenye vioo na taa zake za asili, imeanza kutafutwa upya na watu wa aina nyingine kabisa: wanaokusanya magari ya zamani, wanaoyapeleka kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance jijini Nairobi. Hao hulipia uasili. Rangi iliyopulizwa upya Lurambi kwa nia njema inaweza kuwa imepunguza thamani badala ya kuiongeza.

Kuna sababu nyingine inayoyashikilia magari makuukuu juu, nayo haiko Kakamega. Iko kwenye ushuru. Gari la mtumba linaloingia nchini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500 na asilimia 25 kwa nyingi zilizo juu ya hapo, kisha VAT ya asilimia 16, na juu yake ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Ushuru wa bidhaa na VAT hupandishwa juu ya mgongo wa zilizotangulia. Tuseme Mamlaka ya Mapato, KRA, imeamua kwamba gari dogo lina thamani ya shilingi 500,000. Ushuru wa forodha ni 175,000. Ushuru wa bidhaa, ukihesabiwa juu ya jumla hiyo, ni 135,000. VAT ni 129,600. Ukiongeza tozo mbili za mwisho, kodi yote inakaribia 462,000. Mnunuzi amelipia gari moja kwa pesa zinazokaribia za magari mawili.

Na thamani hiyo ya 500,000 haitoki kwenye risiti ya mnunuzi. KRA hutumia orodha yake ya bei za magari mapya, maarufu kwa kifupi cha CRSP, kisha hupunguza kulingana na umri. Orodha mpya ilianza kutumika Julai 2025 baada ya ile ya awali kudumu miaka kadhaa. Kila orodha au kodi inapopanda, gari ambalo tayari liko nchini hupanda nalo bila kuoshwa hata matope, maana mnunuzi aliyeshindwa kuagiza hurudi kutafuta la KB au la KC. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi Juni katikati ya hasira za wananchi, lakini kwa wiki chache liliwafanya Wakenya wengi wajiulize kwa mara ya kwanza swali ambalo hawakuwahi kulihitaji: hili gari langu hasa ni la shilingi ngapi?

Anayefikiri kukwepa yote hayo kwa kununua gari lenye namba za Uganda pale Busia afikiri tena. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa magari yanayoingizwa, kuanzia 2018, kwa hiyo yapo magari halali kule ambayo hapa hayawezi kusajiliwa. Na hata lile ambalo umri wake unaruhusu, kodi ya Kenya bado inalisubiri.

Ikifika siku ya kulikagua gari lenyewe, Kakamega ina faida na hasara zake. Hasara ni maji. Mvua hapa hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, ndiyo iliyolea msitu wa Kakamega, na unyevu huohuo hula magari kutoka chini. Kutu ya pembeni mwa mlango huonekana na kila mtu. Ile ya kuogopwa iko kwenye sakafu, kwenye kingo za chini ya milango na pale shoki zinaposhikia bodi. Fundi hulala chini na bisibisi na kugonga taratibu, akisikiliza kama daktari anayegonga kifua. Chuma kizima hulia. Kilichojazwa kwa plasta ya bodi na kupakwa rangi nyeusi hunyamaza.

Faida ni mlima. Gari linalotoka Kisumu kuja Kakamega hupanda kutoka Mamboleo kupitia Riat hadi Kiboswa, na mpando huo umeumbua injini nyingi kuliko mashine yoyote. Anayenunua gari Kisumu akubaliane na mwuzaji walijaribu huko, liwe limejaza watu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kama kipo. Rejeta dhaifu itapandisha joto. Klachi iliyochoka itaachia injini ipige kelele huku gari likibaki palepale. Giaboksi ya otomatiki itasita kabla ya kubadili. Kurudi, kwenye mteremko, breki nazo zitajieleza. Mwuzaji anayesisitiza kwamba kuzunguka kituo cha petroli kunatosha amekwisha jibu maswali kadhaa.

Kabla ya mlima kuna asubuhi. Gari liguswe likiwa baridi, na ikiwezekana mnunuzi afike kabla ya muda walioahidiana, aweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, mtu ameliamsha mapema ili lisikohoe mbele ya mgeni. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto unaashiria maji yanayoingia kusikotakiwa, na ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando kama uji wa maziwa, shuku gasketi. Moshi mweusi ni petroli inayoliwa bure. Kuhusu kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, hizo zisomwe kama salamu tu. Zinarudishwa nyuma kwa urahisi, na raba ya pedali iliyolika hadi chuma haiwezi kuafikiana na kilomita 80,000.

Hapa Probox hurudi tena kwenye maelezo, safari hii kama onyo. Kwa kuwa Japani huhesabiwa kuwa gari la mizigo, ratiba yake ya ukaguzi ni kali kuliko ya gari la kawaida, kwanza baada ya miaka 2 kisha kila mwaka, na kampuni huitumia hadi kilomita nyingi sana kabla ya kuiachia. Ikifika Magharibi mwa Kenya huanza kazi ya pili. Gari lililoundwa kwa watu 5 hubeba 9, 10, wengine wakiwa kule nyuma pamoja na kuku na ndizi, kati ya Mumias, Butere, Luanda na Chavakali. Probox iliyostaafu kazi hiyo huja sokoni imeoshwa na kufunikwa viti vipya, ikiitwa gari ya familia. Inajulikana kwa makalio yaliyokaa chini au, kinyume chake, yaliyoinuliwa na springi za kubuni. Milango yake ya nyuma imelegea kwenye bawaba kwa kufungwa kwa nguvu mara mia kwa siku. Paani kuna matundu ya keria yaliyozibwa. Bei yake iwe ya gari lililofanya kazi mbili.

Yote haya hugeuzwa kuwa shilingi kwa njia ambayo mafundi wazoefu huitumia bila kuiandika. Anza na bei ya gari safi la mwaka huohuo na aina hiyohiyo. Tuseme ni 550,000. Hili lililo mbele yako linataka tairi nne za 32,000, shoki na bushi za nyuma kwa 18,000, klachi ya 25,000, na kazi ya bodi na rangi ya 40,000. Jumla ni 115,000, na gari limeshuka hadi 435,000. Kisha toa kitu kwa ajili ya usichokiona, maana gari kuukuu halikosi siri. Thelathini au arobaini elfu si matusi. Mwuzaji atalalamika kwamba unamhesabia tairi kana kwamba wewe hutazitumia. Mwambie, kwa heshima, "Mzee, nanunua gari, sijaja kununua orodha ya kazi." Mara nyingi mtakutana katikati. Kosa la wengi ni kutumia pesa yote iliyoko mfukoni kwenye bei, wakabaki na gari na hawana ya tairi.

Asiyejiamini anaweza kulipia mthamini. Chama cha magari cha AA Kenya, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1919, hufanya kazi hiyo, na zipo kampuni binafsi zinazotambuliwa na benki na bima. Ripoti yao huwa na takwimu mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni bei ya soko, yaani kile ambacho mnunuzi aliye tayari angempa mwuzaji asiye na haraka. Ya pili, ya chini zaidi, ni bei ya kuuza kwa lazima, ile ambayo benki ingepata ikilinyakua gari na kulipiga mnada. Anayenunua kwa mtu mwenye shida ya pesa ajue anasimama mahali fulani kati ya namba hizo mbili. Na kabla hajashika mkono wa mtu aulize bima, kwa kuwa kampuni nyingi hazipendi kulikatia bima kubwa gari lililozeeka mno, na mnunuzi hubaki na ile ya kumlinda mtu wa tatu peke yake.

Mnada ni mlango mwingine. Taasisi za serikali kuu na za kaunti huuza magari yaliyochakaa kwa zabuni au mnada wa hadhara chini ya sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015, na madalali wa mahakama na benki hutangaza magazetini. Magari huuzwa jinsi yalivyo, mahali yalipo. Hakuna kulijaribu mlimani. Lori la serikali lililosimama nyasini miaka mitatu linaweza kuwa mali kwa mwenye karakana na msiba kwa mwalimu.

Bado kuna karatasi, na hapa ndipo pesa kubwa hupotelea. Sheria ya trafiki, sura ya 403, humhesabu mtu ambaye jina lake limo kwenye usajili kuwa mwenye gari mpaka kinyume chake kithibitishwe, na haitaki gari litumike zaidi ya siku 14 baada ya kubadilisha mikono bila mwenye mpya kusajiliwa. Lakini Magharibi, kama kwingineko, kuna magari yaliyouzwa mara nne kwa mkataba wa karatasi ya foolscap huku logbuku ikiwa bado na jina la mtu wa kwanza, ambaye pengine amefariki, na watoto wake wanagombania shamba na kila kilichomo. Gari la namna hiyo hupunguzwa bei, na wapo wanaolifurahia. Wanachonunua ni kesi.

Dawa yake si ghali. Mamlaka ya Usafiri na Usalama, NTSA, kupitia eCitizen, hutoa nakala ya rekodi za gari kwa kama shilingi 550: jina la mwenye gari, namba ya chesisi, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa. Namba hizo zilinganishwe na zilizochongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Chesisi ya Probox ya zamani ya lita 1.5, kwa mfano, mara nyingi huanza na NCP51, au NCP55 ikiwa inavuta kwa magurudumu manne. Ile ya lita 1.3 ni NCP50. Mwuzaji anayesema lita 1.5 huku chuma kikisema NCP50 ama hajui gari lake ama anajua sana. Kisha utafutwe mkopo. Tangu sheria ya dhamana za mali zinazohamishika ya 2017 ipite, wakopeshaji huandikisha magari waliyoyashika rehani kwenye daftari la serikali, na yeyote anaweza kulipekua. Mikopo ya logbuku imekuwa mingi, na gari linaloendeshwa na mtu mwenye tabasamu laweza kuwa la kampuni fulani Nairobi ambayo bado haijamwona wala kumsahau.

Yakiwa yote yamenyooka, mwisho wake huwa mtulivu kuliko watu wanavyotarajia. Watu wawili wamekaa ndani ya gari, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua ya saa tisa, kila mmoja ameinamia simu yake. Mwuzaji ameanzisha uhamisho wa jina, mnunuzi anangoja ujumbe autie saini. Mtandao unazunguka. Dalali yuko nje chini ya baraza la duka, hataki kwenda mbali na asilimia yake. Ujumbe unaingia, pesa zinaondoka benki, mwuzaji anahesabu tarakimu mara mbili, anakabidhi funguo mbili na jeki. Anaonyesha jinsi dirisha la kushoto linavyohitaji kusaidiwa kwa kiganja, jambo ambalo hakulitaja wiki nzima. Anashuka, anatembea hatua tano, kisha anarudi na kugonga kioo: amesahau mwavuli wake chini ya kiti.